Deni la Shamba: Mafundisho ya Historia kwa Masisi na Walikale

Kuna maneno mawili ambayo mkulima huyasikia kwa furaha yakitoka kinywani mwa mkubwa: "Serikali itakopesha." Siku hiyo watu hujaa barazani. Mmoja anawaza ng'ombe, wa pili anawaza mabati ya nyumba, wa tatu anawaza mahari ya mwanawe. Mzee mmoja tu, aliyekaa nyuma kabisa, ndiye anayeuliza: "Na kulipa je?" Watu humcheka mzee huyo. Lakini miaka miwili ikipita, swali lake ndilo linalobaki kijijini.

Katika insha hii twataka kumjibu mzee huyo. Twataka kuona jinsi mikopo ya mashamba ilivyokwenda zamani katika nchi yetu ya Masisi na Walikale, na kwa jirani zetu, tupate kujua kwa nini baadhi ya madeni yaliwainua watu na mengine yaliwaangusha. Mkopo si zawadi, wala si mtego. Ni mapatano ya watu wawili, na kila mmoja ana wajibu wake. Wajibu wa mmoja ukivunjika, wa pili huumia.

Wakati wa Wabelgiji

Masisi ni nchi ya milima mirefu, ya ng'ombe, jibini, viazi na maharagwe. Walikale ni nchi ya msitu, ya mawese, mpunga, muhogo na ndizi, tena ndiyo wilaya kubwa kupita zote za Kivu ya Kaskazini, maana ina kilometa za mraba zaidi ya 23,000. Wilaya hizi mbili zimepakana, lakini hali za wakulima wake hazifanani. Tutaona kwamba jambo hili lina maana kubwa katika habari ya deni.

Mwaka 1917, wakati wa Vita Kuu ya kwanza, Serikali ya Kongo ya Wabelgiji ilitoa amri ya kuwalazimisha wenyeji kulima mazao iliyoyataka. Mkulima aliambiwa alime nini na eneo kiasi gani, na asipotii aliadhibiwa. Huo haukuwa mkopo, lakini uliacha alama moyoni. Wazee wetu waliiita Serikali "Leta", na shamba la lazima likawa shamba la Leta. Mtu alilitunza kwa kuogopa, si kwa kulipenda. Mpaka leo wapo wanaodhani kwamba fedha ikitoka kwa Leta, basi hasara yake pia ni ya Leta.

Mwaka 1928 kuliundwa Halmashauri ya Taifa ya Kivu, iliyojulikana kwa kifupi kama CNKi. Ilipewa uwezo wa kugawa ardhi kwa walowezi na makampuni. Milimani kukaonekana mashamba makubwa ya kahawa, chai, pareto na kinini. Kisha mwaka 1937 ulianzishwa mpango wa kuhamisha jamaa kutoka Rwanda kuja kukaa katika milima ya Masisi, na mpango huo uliendelea mpaka mwaka 1955. Basi katika nchi moja kukawa na watu wa namna tatu mbele ya ardhi: mlowezi mwenye karatasi, mwenyeji mwenye desturi ya mababu, na mhamiaji mwenye ahadi ya Serikali.

Mwaka 1947 Serikali iliunda shirika la kuwakopesha walowezi fedha za mashamba na viwanda. Mlowezi aliyetaka kupanda kahawa aliweza kwenda kukopa, kwa sababu alikuwa na karatasi ya ardhi ya kuweka rehani. Mkulima wa kijijini alibaki nje ya mlango huo. Je, hakuwa na akili ya kulima? La hasha! Mashamba yale makubwa yalilimwa kwa mikono yake. Hakuwa na karatasi, basi. Desturi ilimwambia kwamba shamba ni lake na la watoto wake, lakini desturi haiwekwi ndani ya sanduku la benki.

Hilo ndilo fundisho la kwanza la historia yetu: mkopo humfuata mwenye karatasi. Pasipo kuweka sawa habari ya ardhi, mkopo wa Serikali humwongezea aliyenacho, na kumpita asiye nacho.

Wakubwa waliopewa mashamba

Baada ya uhuru, mwaka 1966, ilitoka sheria iitwayo ya Bakajika, iliyoirudishia Serikali ya Kongo ardhi iliyokuwa imetolewa na wakoloni. Kisha tarehe 20 Julai 1973 ikatoka sheria kubwa ya ardhi. Ilisema kwamba udongo wote ni mali ya Serikali, na mtu binafsi hupata haki ya kuutumia kwa cheti tu. Kwa habari ya ardhi za vijijini zinazokaliwa kwa desturi, sheria ilisema kwamba amri ya Rais itakuja kueleza haki za wenyeji. Amri hiyo ilingojewa miaka na miaka. Hivyo mkulima mdogo wa Masisi au Walikale aliendelea kulima juu ya ahadi.

Tarehe 30 Novemba mwaka huohuo wa 1973, Rais Mobutu alitangaza kwamba mashamba na maduka ya wageni yatapewa wananchi wa Zaire. Wengi walishangilia. Lakini tutazame jambo hili kwa macho ya deni. Waliopewa mashamba hawakupewa bure. Walitakiwa kuilipa Serikali bei yake kidogo kidogo, na Serikali nayo iwafidie wenye mali wa zamani. Kwa hiyo kila aliyepokea shamba alipokea na deni.

Wengi wa waliopokea hawakuwa wakulima. Walikuwa wakubwa wa mjini na jamaa zao. Wako waliouza ng'ombe na mitambo, wakala fedha yake, wakaacha majani yaote katika mikahawa. Malipo kwa Serikali hayakuonekana. Mwaka 1976 Serikali yenyewe ililazimika kuwaita wenye mali wa zamani warudi wachukue sehemu ya mali zao. Katika Masisi mashamba mengi makubwa yalibaki mikononi mwa watu wachache, na wanyonge waliolima kandokando yake walisukumwa juu milimani au wakawa vibarua.

Hapa yatupasa kusema kweli. Mara nyingi husemwa kwamba mkulima mdogo halipi deni. Lakini ni nani aliyempa mfano? Alipomwona mkubwa akipokea shamba zima na asiulizwe, yeye aliyekopa jembe na mbegu atajifunza nini? Deni la mkubwa lisilolipwa hufundisha kijiji kizima kutolipa.

Tuwatazame jirani zetu

Na sasa tuvuke Uganda, tufike Kenya, maana huko kulikuwa na mkopo mkubwa wa mashamba ambao masharti yake yanajulikana vizuri.

Mwaka 1962, karibu na uhuru wa Kenya, ulianza mpango ulioitwa wa eka milioni. Mashamba ya walowezi katika nyanda za juu yalinunuliwa na kukatwakatwa, wakapewa Waafrika. Jamaa kama 35,000 walikaa humo. Fedha ilitoka Uingereza, Benki ya Dunia na kwingineko. Nyingine ilikuwa msaada na nyingine mkopo kwa Serikali ya Kenya. Mkulima naye alikopeshwa mara mbili: mkopo wa kwanza wa kununua ardhi, wa kulipwa kwa miaka 30, na mkopo wa pili wa kununua ng'ombe, seng'enge na mbegu, wa kulipwa kwa miaka 10. Riba ilikuwa 6 na nusu kwa mia kwa mwaka, na malipo yalidaiwa kila nusu mwaka.

Masharti ya mkopaji yalikuwa wazi. Alipaswa kukaa shambani mwenyewe, kulilima vema, kutunza ng'ombe aliowapata kwa mkopo, asiuze wala asigawe shamba bila ruhusa, tena alipe kwa wakati. Katika sehemu nyingi malipo yalikatwa na chama cha ushirika katika fedha ya maziwa au pareto kabla mkulima hajaipokea. Aliyevunja masharti aliweza kunyang'anywa shamba.

Mambo yalikwendaje? Wengine walistawi, wakasomesha watoto wao kwa fedha ya maziwa. Lakini wengi walichelewa kulipa, na miaka michache tu baadaye madeni ya nyuma yalikuwa makubwa. Sababu hazikuwa za namna moja. Wengine walianza kudaiwa wakati shamba halijatoa kitu. Wengine walikuwa na ukoo mkubwa wa kulisha. Na wengine walisema waziwazi kwamba si haki kulipia ardhi iliyochukuliwa kwa baba zao. Mheshimiwa Bildad Kaggia, aliyekuwa amefungwa pamoja na Kenyatta wakati wa ukoloni, alipinga mpango huo wa kuuza ardhi kwa maskini, na mwaka 1964 akatoka katika cheo chake serikalini. Rais Kenyatta na wenzake walishika neno lao, kwamba anayetaka shamba na alipe.

Sisi hatutaki kuamua shauri lao. Twaona tu kwamba mkopaji asiyeamini kwamba deni ni la haki, halipi kwa moyo. Yafaa shauri la haki lizungumzwe kabla ya kutia sahihi. Baada ya sahihi, neno limekwisha kutoka. Na wahenga walisema, ahadi ni deni.

Mfano wa Uganda ni mfupi. Mwaka 1995 Serikali ya huko ilianzisha mkopo ulioitwa Entandikwa, maana yake mtaji wa kuanzia. Uchaguzi wa mwaka 1996 ulikuwa karibu. Watu wengi waliipokea fedha hiyo kama shukrani ya wakubwa kwa kura zao, na mtu halipi shukrani. Fedha iliyorudi ilikuwa haba. Basi, msomaji, ukiona mkopo unagawiwa pamoja na kofia na nyimbo za uchaguzi, ujue kwamba hata mkopeshaji hajaamua kama ni mkopo au ni karamu.

Shamba likiharibika, nani abebe?

Swali hili ndilo zito kupita yote kwa watu wa Masisi na Walikale, maana sisi hatuogopi mvua ya mawe peke yake. Tunaogopa bunduki.

Katika Kenya ya ukoloni, mwaka 1942, wakati wa vita vya pili, Serikali ilitaka walowezi walime mahindi na ngano kwa wingi. Iliweka mpango wa namna hii: mkulima aandikishe eka zake, Serikali imkopeshe fedha kwa kila eka, na atakapouza mavuno deni likatwe. Lakini mavuno yakiharibika bila kosa lake, kwa ukame au ugonjwa wa mimea, asidaiwe kile kiasi kilichodhaminiwa. Mpango huo ulidumu hata baada ya uhuru, wakaingia na Waafrika. Ulifutwa mwishoni mwa miaka ya 1970, kwa kuwa hasara ilizidi, na wako waliodai kwamba mazao yamekufa hali walilima kidogo au hawakulima kabisa.

Tuone pande mbili za habari hii. Upande mmoja, ilikuwa haki kwamba ajali isiyo na mwenye kosa isibebwe na mkulima peke yake. Upande wa pili, waongo waliifisha kinga iliyowafaa wakweli. Aliyesema uongo hakuiibia Serikali tu. Alimwibia jirani yake ambaye mwaka uliofuata ukame ulimpata kweli, na kinga ikawa haipo.

Sasa turudi kwetu. Mwaka 1982 Zaire iliunda Benki ya Mikopo ya Kilimo. Ilitumainiwa kwamba safari hii mkulima atakumbukwa. Lakini matawi yalikuwa machache na njia zilikuwa mbovu, na wenye vyeti vya ardhi ndio waliokuwa karibu na mlango. Tena mambo mawili yakaja, yakavunja kila hesabu.

La kwanza ni kuanguka kwa fedha. Mwezi wa Oktoba 1993 zaire 3,000,000 za zamani zilibadilishwa kuwa zaire mpya moja. Mwaka 1998 zaire mpya 100,000 zikawa faranga moja ya Kongo. Fikiri: mtu aliyekuwa na deni la zaire milioni tatu alibakiwa na deni la karatasi moja. Je, alipona? Huenda. Lakini mjane aliyekuwa ameweka benki fedha ya maharagwe yake, akiba yake nayo iliyeyuka vilevile. Deni likifa kwa namna hiyo, halifi peke yake. Huzikwa pamoja na akiba ya wengine. Hatimaye benki ile yenyewe ilifilisika.

La pili ni vita. Mwezi wa Machi 1993 watu waliuawa katika soko la Ntoto, Walikale, na moto ule ukaenea Masisi. Tangu hapo vita vilikuja kimoja baada ya kingine. Ng'ombe waliibwa kwa makundi, watu walikimbia na watoto mgongoni, makaratasi yakaungua. Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ilifunika sehemu ya mji wa Goma, mahali pa biashara na benki. Januari 2025, vita vilipoingia Goma, benki za mji zilifungwa, hata mwenye fedha akawa hana njia ya kuifikia.

Mtu aliyekopa ng'ombe watano kwa nia njema, wakachukuliwa na wenye silaha usiku mmoja, je, ni mdeni mbaya? Hapana. Lakini je, deni limekufa? Hapo ndipo karatasi ya mkopo inapopaswa kusema. Kama haisemi neno juu ya vita, mkulima ataachwa kwa huruma ya mdai. Kwa hiyo kabla ya kutia sahihi, ulizeni: ikiwa vita vitatukimbiza, malipo yatangoja? Riba itasimama? Nani atashuhudia hasara? Mkopeshaji anayekataa kulijibu swali hilo katika Masisi au Walikale, haijui nchi anayoikopesha.

Msitu na njia

Walikale kuna shida nyingine. Mkulima wa Masisi, usalama ukiwapo, aweza kufikisha viazi Sake na Goma. Wa Walikale huvuna mawese na mpunga mahali ambapo gari halifiki. Katika miaka ya 2000, madini ya bati yalipopatikana Bisie, ndege ndogo zilikuwa zikitua juu ya barabara yenyewe huko Kilambo, zikabeba madini kwenda Goma. Lakini gunia la mpunga lilibaki kungoja mgongo wa mchukuzi. Kwa hiyo fedha ya Walikale ikafuata shimo la madini, na vijana wakaacha mashamba.

Fundisho lake ni hili: mkopo wa shamba pasipo njia ya soko ni deni tu. Kabla ya kuhesabu gunia ngapi zitavunwa, yafaa kuhesabu gunia ngapi zitafika, na kwa ushuru kiasi gani vizuizini.

Tena, mti una majira yake. Mchikichi hukaa miaka mitatu au minne kabla ya kuzaa vema. Ndama jike hukaa karibu miaka mitatu kabla ya kukupa maziwa. Viazi hutaka miezi minne tu. Mtu anayekopa kwa mchikichi fedha ya kulipwa baada ya mwaka mmoja, amejifunga kamba mwenyewe. Deni lifuate majira ya shamba, wala si majira ya ofisi.

Wajibu wa mkopaji

Haya basi, historia imetufundisha nini kwa matendo?

Kwanza, jua unachotia sahihi. Karatasi isomwe kwa lugha unayoifahamu, mbele ya mtu unayemwamini. Jua kiasi cha mkopo, riba, siku ya malipo, fedha gani, na rehani ni nini. Kama rehani ni shamba la ukoo, wenye ukoo wajue.

Pili, mume na mke wakubaliane. Sheria ya jamaa ya mwaka 1987 ilimtaka mke aliyeolewa kupata idhini ya mumewe kabla ya kufunga mapatano. Yule aliyelima kila siku hakuweza kutia sahihi peke yake! Sheria hiyo ilirekebishwa mwaka 2016, na idhini ile ikaondolewa. Lakini hata sasa wako waume wanaokopa kwa siri, na mke hujua siku mdai anapobisha hodi. Deni la nyumba lisiwe siri ya mtu mmoja.

Tatu, fedha ya mbegu iwe mbegu. Mkopo wa shamba ukigeuka mahari au kilio, shamba halitalipa, maana halikupewa kitu.

Nne, andika. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la mtoto wa shule latosha. Andika siku, kilichoingia, kilichotoka, na kila malipo uombe hati yake. Katika nchi ambayo ofisi huungua, hati iliyo nyumbani kwako yaweza kuwa ushahidi wa pekee.

Tano, hesabu kwa bei mbaya. Tuseme mkulima wa Mushaki akopa dola 400 kwa viazi, riba dola 8 kwa mwezi, kwa miezi mitano. Atalipa dola 440. Akivuna gunia 40 na kuziuza dola 15 kila moja, atapata 600, na 160 zitabaki. Hufurahi! Lakini bei ikishuka mpaka dola 10, atapata 400, naye atakosa 40 za kulipa, na watoto hawajala bado. Hesabu hii ni mfano tu, lakini yaonyesha njia. Kama kwa bei ya dola 10 huwezi kulipa, kopa kidogo zaidi.

Sita, sema mapema. Ukiona ugonjwa shambani au vita vikikaribia, usingoje siku ya malipo. Nenda kwa mkopeshaji, au mtume mtu, pamoja na mashahidi. Mdeni anayejificha hufanana na mwizi hata kama si mwizi.

Saba, lipa. Waswahili husema, kukopa harusi, kulipa matanga. Lakini matanga hayo huwa mafupi kwa mtu aliyelipa kidogo kidogo.

Na mkopeshaji naye ana wajibu: kukopesha kwa shamba linalojulikana, kutuma bwana shamba kulitazama, kuyafuata majira, kutochukua chochote chini ya meza, na kumdai mkubwa kama anavyomdai mdogo.

Watu wanaojuana

Imebaki habari moja ya kututia moyo. Katika Ujerumani, mwaka 1864, meya mmoja aitwaye Friedrich Wilhelm Raiffeisen aliwakusanya wakulima wa Heddesdorf waliokuwa wakinyonywa na wakopeshaji wa riba kubwa. Waliweka akiba pamoja, wakakopeshana wao kwa wao. Eneo la chama lilikuwa dogo ili watu wajuane, mkopo ulitolewa kwa kazi yenye faida tu, na wote walidhamini deni la kila mmoja. Mwaka 1890, huko Leuven katika Ubelgiji, Padri Ferdinand Mellaerts na wenzake walianzisha Boerenbond, chama cha wakulima, na mapadri wa vijiji waliisambaza njia hiyohiyo parokia kwa parokia. Kivu nayo ilipata vyama vya kuweka na kukopa, vinavyoitwa COOPEC, tangu miaka ya 1970, na mwaka 2002 vilitungiwa sheria yake. Vingine vilianguka kwa vita na kwa viongozi wala fedha, vingine vilisimama.

Kwa nini twakumbusha haya katika habari ya mkopo wa Serikali? Kwa sababu Serikali iko mbali, haikujui jina. Jirani anakujua. Anajua kama ng'ombe wako waliibwa kweli au uliwauza kule Sake. Mkopo wa Serikali ukipitia mikononi mwa watu wanaojuana, mwongo huona haya, na aliyepatwa na msiba hupata shahidi.

Basi tumrudie yule mzee wa barazani. Siku nyingine wakisema, "Serikali itakopesha," msimcheke. Mleteni mbele, mumpe kiti, na ulizeni pamoja naye: Karatasi ya ardhi iko wapi? Njia ya soko iko wapi? Vita vikija, mkataba wasema nini? Na kulipa je? Wakijibu vema maswali hayo manne, kopeni na mlime kwa bidii. Wasipojibu, rudini nyumbani na majembe yenu. Mtarudi maskini kama mlivyokuja, lakini hamtakuwa na deni.